Upande wa Nyimbo

Kathini wa diski, yule mwenye kibanda nyuma ya soko la Kitui, hashiki kitu cha mtu kwa mkono mtupu. Ukimletea diski yako anakuangalia wewe kwanza, halafu anaiangalia diski, halafu pua inajikunja, halafu anavuta kitambaa cheupe kutoka begani na kuishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu aliyetumwa kumtoa panya aliyekufa uvunguni. Wateja wapya hukasirika. Wa zamani wamezoea, na wengine huifuta kwanza kwenye suruali wakiwa bado mlangoni, jambo ambalo humchukiza zaidi.

Na msimwone ana maringo. Aliyoyaona huyu mama kwenye diski za watu, wewe ungefunga duka ukaenda kuokoka mara ya pili. Ameona diski yenye mchuzi, yenye kamasi za mtoto, yenye alama za meno. Ameletewa diski iliyokaa mfuko mmoja na ugoro wa mzee, mpaka kibanda kizima kikanuka ugoro. Ameshafungua mashine ya DVD ya mtu mwenye gari na heshima zake, mende wakatoka, baba, mama na watoto. Mulwa, yule mchoma mbuzi wa Kwa Vonza, alimletea DVD ya harusi yake ikiwa imeloa mafuta hata haishikiki.

"Inakwama pale bibi harusi anaingia," Mulwa akamweleza.

"Hata mimi ningekuwa yeye ningekwama," Kathini akasema.

Basi atasafisha. Atalalamika, atasonya, atamwita Mungu ashuke ajionee, lakini atasafisha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, unafuta kutoka katikati kwenda nje, huzungushi. Huko nyumbani watu husafisha kwa mate. Hebu niambie, mtu mzima, ana watoto, ana kitambulisho cha serikali, anatemea mate picha ya harusi ya dada yake halafu anaisugua na sketi! Wengine hutumia dawa ya meno, wengine majivu, na kuna mama mmoja wa kanisa, Mungu amsamehe, aliyetumia ile waya ya kusugulia sufuria.

Lakini uchafu ni uchafu tu, unaoshwa. Kinachomtia Kathini kichefuchefu cha kweli ni kwamba watu hawajui upande. Wote wanaamini nyimbo ziko upande unaong'aa. Huo ndio wanaoutunza kama yai. Upande wenye jina hawajali: wanaulaza juu ya saruji, wanauandika na kalamu ya wino huku wakikandamiza kama wanachonga mti, wanabandika karatasi ya bei, wanaibandua kwa kucha. Na kwa CD, jamani, nyimbo ziko hapo hapo kwa jina! Ule upande unaong'aa ni dirisha tu, plastiki nene ambayo jicho la mashine linapitia kuangalia juu. Maandishi yenyewe yako kwenye ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu, chini ya rangi ya jina, basi. Ukikwaruza dirisha, linaweza kusuguliwa likapona. Ukikwaruza jina, umekwisha. DVD ina nafuu, maana ilifanywa vipande viwili na maandishi katikati, kama maharagwe ndani ya chapati mbili. Kathini amewaeleza watu haya mpaka amechoka. Wanaitikia kwa vichwa, ndiyo mama, tumeelewa mama, kisha wakifika mlangoni wanaitumbukiza diski mfukoni pamoja na funguo.

Kazi hii ya kunakili na kusafisha aliianza siku za kanda, akiwa na binti yake Muthoki mgongoni. Baba yake Muthoki alikuwa ameondoka na lori la mchanga kwenda Mombasa kwa siku mbili, na mpaka leo hizo siku mbili hazijaisha, wala hatutampotezea maneno hapa. Kanda zikaja zikatafunwa na mashine, CD zikaingia. Kisha VCD, ambayo filamu moja ilijaa diski mbili, kwa hiyo mtu anachomoa bastola, picha inakatika, unainuka kubadilisha diski, na ukirudi umesahau nani alikuwa anataka kumuua nani. Kisha DVD, ikala filamu nzima na nafasi ikabaki. Lakini wazungu nao hawawezi kukaa bila kugombana: wakatengeneza DVD tupu ya alama ya kujumlisha na nyingine ya alama ya kutoa, na mashine za zamani zinakubali moja na kuitema nyingine, na lawama zote anabeba Kathini. Alinunua mpaka mashine ya Blu-ray, ile ya mwanga wa buluu unaosoma maandishi madogo kabisa, akitegemea kuitajirikia. Kitui nzima hakuna aliyekuwa na kitu cha kuichezea. Iko pale rafuni, imefunikwa kitambaa, na mtu akiiulizia leo anajibiwa vibaya.

Siku hizi ni flash na simu. Bado makanisa yanakuja, na wazee, na watu wa harusi wanaotaka kitu cha kuweka kabatini. Kathini hajafa njaa.

Lakini kabla ya hii sauti yake ya siku hizi, ya kukwaruza, Kathini alikuwa na sauti. Matinyani nzima inajua, maana ndiko kwao na ndiko anakosali. Kwenye mazishi watu walikataa jeneza lishushwe kabla hajaimba. Kwaya yao, Kwaya ya Chemchemi, ilipochanga kurekodi CD, aliongoza yeye karibu nyimbo zote, na ule wa kiangazi alioutunga mwenyewe ndio uliouza CD. Kila matatu ya Kitui iliupiga. Watu walikuwa wanashuka kituo cha mbele ili wimbo uishe.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa, na mpaka leo ni, Ben Muthama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Matinyani. Ben ana tabasamu la mtu anayekupimia misumari kidole chake kikiwa juu ya mizani. Siku ile diski kuu ilipotoka studio, ile ya kwanza ambayo nyingine zingenakiliwa kwayo, Ben alisimama mbele ya mchungaji na waimbaji wote.

"Sisi sote tunajua Mama Muthoki anafanya kazi gani," akasema. "Sisemi ni mwizi, hapana. Nasema tu, fisi haachiwi bucha."

Watu wakacheka. Na Kathini akasimamishwa, mwimbaji wao, mtunzi wao, akawekwa mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba CD ya kwaya haitaingia kwenye kompyuta yake wala hatatoa nakala hata moja. Diski kuu ikachukuliwa na Ben, ikafungiwa kabati la kanisa. Za kuuza zikaenda kunakiliwa Nairobi kwa bei ya kutupa, kwenye diski za ovyo ambazo ngozi zake hubanduka zenyewe ukiziacha juani. Rafiki zake walimwambia aweke yake moja kimya kimya, nani atajua? Hakuweka. Kwake kuapa ni kuapa, hata ukiapishwa na mjinga.

Alinunua yake kama mtu mwingine yeyote. Ikaazimwa kwa matanga ya shangazi yake Ben, na CD ikienda matangani, kama mwavuli, hairudi. Mwenye studio aliuza kompyuta akahamia mji wa Wote, kule Makueni, kulima maembe. Ben aliahidi kuweka nyimbo kwenye mtandao, na angali anaahidi.

Halafu shingo ikavimba. Rovu, wakasema, na si la kuchezea, maana lilikuwa limeuzunguka mshipa wa sauti. Daktari alimweleza mapema bila kuficha: likitolewa sauti inaweza kwenda, lisipotolewa atakwenda mwenyewe. Likatolewa. Kathini alipoamka akaita muuguzi, kikatoka kitu kama changarawe inayomwagwa kutoka kwa toroli. Mpaka leo hajakizoea. Akizungumza anajisikia kinyaa, anaufunika mdomo kwa kile kitambaa, na kanisani anakaa nyuma na kusoma Biblia wakati wengine wanaimba.

Muthoki sasa ni mwanamke mzima, anafanya kazi ya usafi hotelini huko Doha, na hupiga simu akipata nafasi. Siku moja, mwanzoni mwa mavuno ya ndengu, akapiga akiwa na maneno yanayozunguka zunguka.

"Mwaitu," akasema mwishowe, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "una ule wimbo wako wa kiangazi? Unitumie."

"Wa nini?"

"Nataka kuusikia."

"Si uliusikia ukiwa mtoto mpaka ukaziba masikio?"

"Usikasirike, mwaitu. Nimesahau sauti yako ya zamani. Nikijaribu kuikumbuka, inakuja hii tu."

Kathini alikata simu akisingizia mteja. Hapakuwa na mteja. Alikaa kwenye kiti chake akijihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba amezikwa na hakualikwa. Kupoteza sauti alikuwa amekubali, kwa shida, kwa sababu alijua ile ya zamani ipo mahali, kichwani mwa mtoto wake angalau. Kumbe hii mbovu ilikuwa inaila ile nzuri kutoka ndani. Akaapa, safari hii bila Biblia, kwamba ataipata CD hiyo.

Akatangaza kanisani kupitia mchungaji. Watu wakamletea walizokuwa nazo, na woi, afadhali wasingeleta! Moja ilitoka shamba la mtama, imetobolewa msumari, ilikuwa inaning'inizwa kufukuza ndege. Moja ilikuwa gurudumu la gari la mtoto. Nyingine ilikuwa kifuniko cha mtungi wa maji, ina ukungu wa kijani, na mwenyewe akamwuliza kama atarudishiwa, maana mtungi sasa uko wazi. Kathini, ambaye hashiki kitu bila kitambaa, aliziosha zote kwa mikono yake, moja moja, akazipangusa, akazitia kwenye mashine. Mashine ikazizungusha, ikakohoa, ikaandika kwamba hakuna diski ndani.

Ikabaki ile kuu. Akaenda kwa Ben, akakaa dukani kwake katikati ya mifuko ya saruji, akaeleza shida yake kwa ile sauti. Ben alikuwa anainamisha sikio kwa huruma ya maonyesho, wateja wamwone.

"Lakini Mama Muthoki, si ulishika Biblia?" akasema. "Hapo hata mimi mikono yangu imefungwa. Ngoja tukae kama kamati."

Kamati ikakaa, ikaahirisha. Ikakaa tena, ikanywa chai. Mwishowe mchungaji mwenyewe alichoka, akasema mbele ya wote kwamba kiapo kile kimefunguliwa, mama apewe wimbo wake. Ben akatabasamu. Hakuwahi kupinga, akasema, alikuwa anafuata utaratibu tu.

"Iko kabatini, salama kabisa, haijaguswa na mtu," akamwambia. "Nenda Jumamosi. Mwongeli atakuwepo akipamba kanisa, ana ufunguo."

Jumamosi Kathini alifunga kibanda mapema, akavaa vizuri, akatia kifuko kipya cha diski kwenye mkoba, akapanda boda boda mpaka Matinyani. Njiani alikuwa anapanga atakavyofanya: kwanza nakala kwenye kompyuta, ya pili kwenye flash, ya tatu kwenye DVD nzuri, kisha amtumie Muthoki siku hiyo hiyo, kabla hajaisikiliza mwenyewe. Alikuwa anaogopa kuisikiliza.

Alipoingia mlangoni harufu ikampiga. Gundi. Ile kali ya kubandikia soli za viatu, inayopanda mpaka nyuma ya macho. Akaziba pua na kuinua uso, akaona ukuta wa nyuma ya mimbari.

Walikuwa wametengeneza jua. Ubao mkubwa wa mviringo, umepakwa rangi ya chungwa, na juu yake diski, safu kwa safu, zote zinawaka kwa mwanga wa madirisha. Mwongeli, mkuu wa kamati ya mapambo, mama mnene mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alikuwa ameshika kiuno akilitazama kwa raha.

"Mama Muthoki! Umeona kazi ya Bwana? Kesho ni sikukuu ya mavuno, wageni wanatoka mpaka Makueni. Watajua Matinyani kuna watu."

"Kabati," Kathini akasema.

"Unasema?"

Akarudia, kwa nguvu, koo likimuuma. Mwongeli akatoa ufunguo kwenye sidiria, akafungua. Ndani kulikuwa na vitambaa vya meza, mishumaa, na boksi la CD. Boksi lilikuwa tupu.

"Zilizokuwa humu ziko wapi?"

"Si ndizo hizo!" Mwongeli akaonyesha jua kwa furaha. "Ben alisema tuchukue zote, zimekaa bure miaka. Na hiyo gundi ni ya dukani kwake, ametoa bila malipo, Mungu ambariki. Ile ya rangi ya dhahabu, unaiona? Hiyo tuliiweka katikati."

Kathini alikuwa ameshaiona. Diski za Nairobi zote zina mng'ao wa bati. Ile kuu ilikuwa tupu ya bei ghali, mwenye studio aliichagua kwa sababu hudumu, na uso wake ulikuwa wa dhahabu. Sasa ilikuwa pale katikati, dirisha likitazama waumini na jina likitazama ubao.

"Mwongeli," akasema, "mmeibandika upande gani?"

"Ai, kwani sisi ni wajinga?" Mwongeli akacheka. "Tumeangalia sana. Tulipaka gundi upande wa jina tu. Upande wa nyimbo uko nje, haujaguswa. Ukitaka kuicheza unaibandua, inacheza."

Kathini alijisikia kutapika. Si kwa ajili ya gundi. Aliketi kwenye benchi la kwanza, akafunga macho, akajiambia kwamba gundi haijakauka vizuri, kwamba rangi ya jina ilikuwa nene, kwamba pengine. Halafu akainuka, akamwomba Mwongeli uzi wa kushonea. Wakalishusha jua, wakalilaza sakafuni. Zile za Nairobi, zenye ngozi ya kubanduka kwa jua tu, hakuzihangaikia. Akapitisha uzi chini ya ukingo wa ile diski ya dhahabu, akawa anauvuta kwenda na kurudi, polepole, bila kuinua, huku akipuliza. Mwongeli alikuwa amepiga magoti kando yake, akinong'ona maombi, maana sasa alikuwa ameanza kuelewa kwamba jambo si jema. Uzi ulienda vizuri. Ulipita ukingo, ukafika karibu na katikati, na Kathini akaanza kuamini.

Diski ikaachia, tena kirahisi. Akaiinua juu ya mwanga.

Ilikuwa plastiki tupu, safi kama glasi ya kunywea. Pale ubaoni, ndani ya gundi, kulibaki duara la dhahabu, limekunjamana na kupasuka vipande. Wimbo wote wa kiangazi ulikuwa hapo, na hakuna mashine duniani ya kuusoma.

Wakati huo Ben akaingia, amebeba kamba ya taa za rangi, ametoka kuoga, ananukia. Akawaangalia wanawake wawili sakafuni.

"Vipi tena? Mbona mnabomoa?" Mwongeli akamweleza kwa maneno matatu manne ya kulia. Ben akakuna shingo. "Lakini si upande wa nyimbo ni mzima?"

Kathini akasimama, akamwekea ile plastiki mbele ya uso. Akamwona kupitia kwayo, Ben mzima mzima, tabasamu lake, kola yake, mpaka povu la sabuni lililosahaulika sikioni. Hakuna kilichofichika.

"Basi, Mama Muthoki," Ben akasema akirudi nyuma kidogo. "Maji yakimwagika hayazoleki. Utatunga mwingine. Mungu ni yule yule."

Hapo Kathini alitaka kupiga kelele. Alitaka kuyatoa yote: fisi na bucha, Biblia, miaka yote ya kutunza neno lake huku huyu mtu akitunza ufunguo tu. Alitaka sauti ya kupasua mabati. Akafungua mdomo, ikatoka changarawe, ikakwama.

"Anasema?" Ben akamwuliza Mwongeli.

Kathini akameza mate, akaanza tena, neno moja moja.

"Nasema, mliniapisha nisiiibe. Wewe hukuapishwa usiitupe. Nikikuangalia, Ben, natamani kunawa."

Safari hii Ben alisikia. Tabasamu likamtoka. Kathini akatoka nje, hakuchukua hata mkoba, Mwongeli akamkimbilia nao mpaka barabarani akilia na kuomba msamaha. Huyo alimsamehe hapo hapo, maana kosa lake lilikuwa la upande tu, na upande Kitui nzima hawaujui.

Alirudi kibandani akaitupa ile plastiki kwenye pipa la takataka. Akanawa mikono. Akanawa tena. Harufu ya gundi ilikuwa imeingia kwenye nywele. Jua lilikuwa bado juu, soko linapiga kelele zake, na yeye alikuwa ameketi akichukia kila kitu: wale wauza nyanya, redio ya jirani, ile mashine ya Blu-ray chini ya kitambaa chake. Simu ikalia. Alikuwa Muthoki. Aliiacha ilie, ikalia tena, akaichukua.

"Umepata, mwaitu?"

"Haupo," akasema. "Wameubandika kwa gundi. Umekwisha. Usiniulize tena."

Muthoki hakuuliza. Alikuwa huko Doha, pengine amekaa ngazini, maana sauti ilikuwa inavuma. Halafu, bila kuombwa, akaanza kuimba polepole kama mtu anayetafuta njia gizani.

"Kiangazi ni kirefu, Bwana, kisima kimeshuka..." Akavuta pumzi. "...kamba yangu ni fupi, lakini wewe hukauki."

"Hapo hupumui!" Kathini akasema.

"Wapi?"

"Hapo kwa kisima! Umeshusha ndoo, unasimama kupumzika? Unaenda moja kwa moja mpaka hukauki. Ndipo upumue."

"Ni mrefu sana, mwaitu."

"Ndiyo maana wengine walipewa kayamba. Rudia."

Muthoki akarudia, akapumua pale pale, na zaidi ya hapo akaushusha mwisho kama mtu anayeweka mzigo chini. Kathini akashindwa kuvumilia. Kinyaa cha siku nzima kilimpanda kooni, kwamba wameua wimbo wake mara moja na sasa mtoto wake anauua tena. Akatupa kitambaa mezani.

"Sikiliza!" akasema, na akaimba.

Ilitoka ile changarawe. Ilitoka imevunjika, imepinda, nusu yake upepo. Kwa kisima hakupumua. Kwa kamba akakohoa, pumzi ikamwishia, lakini akashikilia, akaivuta mpaka "hukauki" kwa kile kilichobaki, ambacho hata sauti haikuwa. Jirani akapunguza redio. Kathini akaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Umeona?" akasema akihema. "Ndivyo."

"Nimeona," Muthoki akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimekurekodi, mwaitu. Kwa simu yangu ile nyingine."

"Futa."

"Sifuti."

"Muthoki, futa hiyo takataka! Mtu akiisikia atasema ni kinu cha kusaga mahindi."

"Hakuna atakayeisikia. Ni yangu."

"Wewe ulitaka ile ya zamani."

"Ile haipo," Muthoki akasema. "Na hii nayo, mwaitu, siku moja nitaitafuta."

Kathini akaangalia mikono yake. Akaangalia mlango, ambapo watu wa boda boda walikuwa wanapigiana honi kama kawaida yao, hawana adabu hata moja.

"Basi hiyo futa," akasema. "Nimekohoa katikati. Ngoja nifunge mlango ninywe maji, halafu turekodi ya maana."